Mbinu za utafiti wa lishe na sayansi ya chakula

Mbinu za utafiti wa lishe na sayansi ya chakula ni njia ambazo wataalamu hutumia ili kujua watu wanakula nini, chakula hicho kina nini ndani yake, na kinaufanyia nini mwili. Nchini Tanzania mbinu hizo hufundishwa kwa kina katika shahada ya uzamili, kwa mfano kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) mjini Morogoro na Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela jijini Arusha. Shahada ya kwanza humfundisha mwanafunzi mambo yanayojulikana tayari. Uzamili humtaka atafute jambo ambalo halijajulikana, kisha aonyeshe wazi alilijuaje, ili mwingine aweze kulikagua.

Lishe na sayansi ya chakula ni elimu mbili zinazopakana. Sayansi ya chakula hushughulikia chakula chenyewe, tangu shambani au majini hadi kinapofika kwenye sahani: kukauka, kuoza, kusagwa, kuhifadhiwa, sumu na ladha. Lishe hushughulikia mlaji. Mtafiti wa uzamili mara nyingi hulazimika kuzijua zote mbili, kwa sababu hawezi kueleza afya ya mtoto bila kujua kilichomo katika uji wake.

Mifano kadhaa katika makala hii imechukuliwa Lyulilo, kijiji cha wilaya ya Kyela (mkoa wa Mbeya) jirani na Matema, kwenye pembe ya kaskazini mashariki ya Ziwa Nyasa, chini ya Milima ya Livingstone. Hapo chakula hutoka ziwani, bondeni na mlimani, na gulio la Jumamosi hubadilisha mlo wa nyumba nyingi. Ugumu anaoweza kukutana nao mwanafunzi wa lishe popote Tanzania unaonekana vizuri katika mahali kama hapo.

Historia

Katika Afrika ya Mashariki utafiti wa lishe ulianza wakati wa ukoloni. Mwaka 1931 John Boyd Orr na John Gilks walichapisha ulinganisho wa Wamasai na Wakikuyu wa Kenya. Wamasai, waliotegemea maziwa, nyama na damu, walionekana warefu na wenye nguvu zaidi kuliko Wakikuyu waliotegemea nafaka na mizizi. Kazi hiyo ilisomwa sana. Hata hivyo ina kasoro ambayo leo mwanafunzi wa uzamili angeulizwa mara moja na msimamizi wake: makabila mawili hutofautiana kwa mambo mengi zaidi ya chakula, kama vile nasaba, magonjwa, kazi na mazingira. Kuyahusisha yote na maziwa ni kuruka hatua.

Katika miaka hiyohiyo Audrey Richards alifanya kazi ya namna nyingine kabisa kwa Wabemba wa Zambia ya leo, ng'ambo ya magharibi ya Ziwa Nyasa. Aliishi vijijini, akapima uzito wa vyakula, akaandika nani anakula na nani na katika mwezi gani chakula kinapungua. Kitabu chake cha mwaka 1939 kuhusu ardhi, kazi na mlo bado husomwa vyuoni, na ni haki yake. Alionyesha kwamba swali la "watu hawa wanakula nini" halina jibu moja kwa mwaka mzima. Upande wa Tanzania, Godfrey na Monica Wilson walikaa kwa Wanyakyusa kati ya miaka 1934 na 1938, lakini utafiti wao ulihusu hasa jamii, vijiji vya marika na ibada.

Nchini Uganda, madaktari wa hospitali ya Mulago mjini Kampala, akiwemo Hugh Trowell, walichunguza kwashiakoo, ugonjwa wa utapiamlo unaovimbisha mwili wa mtoto. Jina lake linatoka katika lugha ya Kiga ya Ghana, na liliingizwa katika tiba na daktari Cicely Williams katika miaka ya 1930.

Baada ya uhuru, Tanzania iliunda Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania (TFNC) kwa sheria ya mwaka 1973. Kazi iliyoitangaza nchi zaidi ni mpango wa lishe wa mkoa wa Iringa, ulioanza mwaka 1983 kwa msaada wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani (WHO) pamoja na fedha za serikali ya Italia. Watoto walipimwa uzito kijijini kwao, mbele ya wazazi na viongozi. Kijiji chenyewe kilitathmini hali, kikachambua sababu, kikachukua hatua, kisha kikapima tena. Katika vijiji vya mwanzo utapiamlo mkali ulipungua kutoka zaidi ya asilimia 6 hadi chini ya asilimia 2 kufikia mwaka 1988. Mchoro wa sababu za utapiamlo ambao UNICEF iliutangaza duniani mwaka 1990 ulitokana kwa kiasi kikubwa na uzoefu huo wa Tanzania. Mchoro huo unaanza na chakula na magonjwa, unashuka kwenye matunzo, huduma za afya na akiba ya nyumba, hadi kufikia uchumi na siasa. Karibu kila tasnifu ya lishe nchini bado inauchora katika sura yake ya kwanza.

Kupima mwili

Kipimo cha mwili ndicho rahisi kukieleza na rahisi kukiharibu. Mtoto hupimwa uzito, urefu na mzunguko wa mkono wa juu. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupimwa akiwa amelala kwenye ubao maalumu, na aliyezidi umri huo akiwa amesimama. Mtoto huyohuyo akilala huonekana mrefu kwa takriban sentimita 0.7 kuliko akisimama, kwa hiyo mpimaji asiyeandika alivyompima amekwisha kuharibu takwimu yake.

Urefu hulinganishwa na viwango vya WHO vya mwaka 2006. Mvulana wa miezi 24 aliye katikati ya viwango hivyo ana sentimita 87.1 akiwa amesimama. Akiwa chini ya sentimita 81.0 huhesabiwa kuwa amedumaa, na chini ya 78.0 udumavu wake ni mkali. Kati ya mstari mmoja na mwingine kuna sentimita tatu tu. Mpimaji anayekosea sentimita moja kwa sababu mtoto amekunja magoti anaweza kumtoa mtoto katika orodha ya waliodumaa au kumwingiza asipostahili. Ndiyo maana kabla ya kwenda kijijini wapimaji hufanyishwa jaribio: kila mmoja huwapima watoto kumi mara mbili bila kuona majibu yake ya kwanza, halafu tofauti zao hukokotolewa. Asiyefaulu hupewa kazi ya kuandika.

Umri nao huleta shida zaidi ya ubao. Kadi ya kliniki ndiyo ushahidi bora. Isipokuwepo, mtafiti hutengeneza kalenda ya matukio ya mahali: mafuriko, mavuno ya mpunga, uchaguzi, msiba wa mtu aliyejulikana. Mama akikumbuka kwamba mtoto alizaliwa wakati mpunga unavunwa, miezi inaanza kuhesabika. Kosa la miezi mitatu katika umri huweza kuzidi kosa lolote la kipimo cha urefu.

Kipimo gani kimechaguliwa ni jambo la kuangaliwa sana. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Mkoa wa Iringa ulikuwa juu kuliko mikoa yote kwa asilimia 57, na Njombe na Rukwa ilikuwa karibu na nusu. Hii ni mikoa ya mahindi, viazi na maharage, inayolisha sehemu nyingine za nchi. Msomaji anaweza kudhani kwamba mafanikio ya Iringa ya miaka ya 1980 yamefutika. Lakini mpango ule ulihesabu uzito kwa umri, na takwimu ya 2022 ni urefu kwa umri. Uzito huweza kupanda na kushuka ndani ya majuma machache, ilhali urefu hubeba historia yote ya mtoto tangu tumboni. Takwimu hizo mbili hazijibu swali moja, na mwanafunzi anayeziweka katika jedwali moja lazima aseme hivyo.

Kupima kinacholiwa

Hapa ndipo penye ugumu mkubwa wa elimu yote ya lishe. Mwili unaweza kuwekwa kwenye mizani, lakini mlo wa jana umekwisha kuliwa.

Njia inayotumika zaidi ni kumbukumbu ya saa 24. Mhojaji humwomba mama aeleze kila kitu alichokula au alichomlisha mtoto tangu alfajiri ya jana hadi alfajiri ya leo. Huanza na orodha ya haraka bila kumkatiza. Kisha hurudi kuuliza saa na mahali, halafu jinsi kila chakula kilivyopikwa, na mwisho kiasi. Mwishoni husomewa yote ili aongeze yaliyosahaulika. Yanayosahaulika ni yaleyale karibu kila mahali: embe lililookotwa njiani, muwa, kikombe cha togwa kwa jirani, mafuta yaliyotiwa katika mboga. Njia nyingine ni hojaji ya marudio, inayouliza chakula fulani huliwa mara ngapi kwa wiki au mwezi, na njia ya mizani, ambapo mtafiti hukaa nyumbani kutwa nzima akipima kila kinachoingia chunguni na kila kinachobaki. Njia ya mizani ni sahihi kuliko zote, ila ina udhaifu wa kibinadamu: nyumba yenye mgeni mwenye daftari haipiki kama inavyopika siku zote. Kuku huchinjwa.

Toleo la kumbukumbu ya saa 24 linalofaa vijijini lilikuzwa na Rosalind Gibson na Elaine Ferguson, baada ya Ferguson na wenzake kufanya kazi na watoto wa vijijini katika Ghana na Malawi, ikiwemo wilaya ya Mangochi iliyo kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Nyasa hilohilo. Siku mbili tatu kabla ya mahojiano akina mama hukusanywa, hueleweshwa, na hupewa bakuli na karatasi yenye picha za vyakula ili watie alama kadiri wanavyokula. Hata asiyejua kusoma hushiriki sawasawa.

Chukua sasa mwanafunzi anayetaka kujua wanawake wa Lyulilo wanapata protini kiasi gani. Kitabu kinamwambia achague siku. Kitabu hakimwambii habari za gulio. Jumamosi Wakisi wa Ikombe huleta vyungu vyao Lyulilo kwa mitumbwi, wanunuzi hufika kutoka sehemu mbalimbali, na fedha na vyakula hubadilishana mikono. Mlo wa Jumamosi jioni haufanani na wa Alhamisi. Mhojaji akija Jumapili kila wiki kwa sababu siku hiyo watu wako nyumbani, atakuwa ameandika mlo wa gulio na kuuita mlo wa kijiji. Dawa yake ni kugawa mahojiano katika siku zote saba, na kurudia kwa sehemu ya walewale waliohojiwa siku nyingine isiyofuatana na ya kwanza, ili tofauti za mtu mmoja kati ya siku na siku zitenganishwe na tofauti kati ya watu.

Mwezi wa angani nao una kauli yake. Usipa, samaki wadogo wa Ziwa Nyasa, huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali taa haiwavuti vizuri na mavuno hupungua. Giza likirudi, usipa hujaa ufukweni. Wiki mbili za kukusanya takwimu zikiangukia zote kwenye giza, kijiji kitaonekana kina samaki wengi kuliko kilivyo. Wavuvi wanalijua hili tangu utotoni. Mtafiti hulijua akiuliza kabla ya kuandika ratiba yake, na wengi hawaulizi.

Halafu kuna msimu. Kyela ni mojawapo ya sehemu zenye mvua nyingi zaidi Tanzania. Bonde lake la mpunga hujaa maji wakati wa masika, na njia nyingine hazipitiki. Miezi ya kabla ya mavuno hutofautiana sana na miezi ya baada yake, kama Richards alivyoona kwa Wabemba. Wanafunzi hutumwa kukusanya takwimu pale ratiba ya chuo inaporuhusu, ambapo mara nyingi ni kiangazi, barabara zikiwa kavu na maghala yakiwa na kitu. Kwa maoni ya wengi waliosimamia kazi hizi, hiyo ndiyo sababu mojawapo ya njaa ya masika kuandikwa kidogo.

Likija suala la kiasi, chungu kilichofinyangwa kwa mkono hakina namba ya lita ubavuni, na hakuna viwili vyenye ujazo sawa. Usipa huuzwa kwa fungu au kwa kisado, ndizi kwa mkungu au chane. Mtafiti hubeba mizani ndogo ya jikoni na chombo cha kupimia maji. Hujaza maji bakuli la nyumba husika hadi pale mama anapoonyesha kwamba chakula kilifika, kisha huyapima maji hayo. Mafungu ya sokoni hununuliwa kadhaa kwa wauzaji tofauti na kupimwa ili kupata wastani. Kazi hii inachosha, na haina njia ya mkato.

Watoto wakila katika sinia moja ugumu huongezeka. Mkubwa hula upesi, mdogo hubaki na wali bila mboga. Kumgawia kila mtoto sehemu sawa katika hesabu ni kumpa mdogo chakula ambacho hakukila. Baadhi ya watafiti huomba mtoto anayechunguzwa apakuliwe peke yake siku hiyo. Wengine huhesabu matonge. Kila njia ina kasoro, na mwenye kuisoma tasnifu anayo haki ya kuambiwa ni ipi iliyotumika.

Kiasi kikishajulikana hugeuzwa kuwa protini, chuma au vitamini kwa kutumia majedwali ya virutubishi. Majedwali ya vyakula vya Tanzania yalichapishwa mwaka 2008 na wataalamu wa Muhimbili, TFNC na Chuo Kikuu cha Harvard. Ni msaada mkubwa, lakini mpishi hapiki kwa kufuata jedwali. Mbalaga, pishi la ndizi la Wanyakyusa, hutofautiana kati ya nyumba na nyumba kwa maziwa, karanga au mafuta yanayotiwa. Mawese mekundu ya Kyela yana asili ya vitamini A kwa wingi, ilhali mafuta meupe ya dukani hayana, isipokuwa yakiongezwa kiwandani. Mhojaji akiandika "mafuta" bila kuuliza rangi, amepoteza swali zima la vitamini A.

Palipo na muda au fedha kidogo, watafiti huhesabu makundi ya vyakula badala ya gramu. Mwanamke aliyekula angalau makundi matano kati ya kumi katika siku moja huhesabiwa kuwa na mlo wenye mchanganyiko wa kutosha. Hapa pia usipa huleta mtego: kijiko kidogo cha unga wa dagaa kwa kukoleza mboga hakihesabiwi kama mlo wa samaki, kwa kuwa kanuni hutaka angalau gramu 15 hivi.

Maabara ya chakula

Mwanafunzi wa sayansi ya chakula huanza na uchambuzi wa msingi: maji, protini, mafuta, nyuzi, majivu, na wanga unaopatikana kwa kutoa vyote hivyo katika mia. Maji hupimwa kwa kukausha sampuli kwenye tanuri la nyuzi joto 105 hadi uzito usibadilike tena. Mafuta huchujwa kwa chombo kilichobuniwa na Franz Soxhlet mwaka 1879. Protini hupimwa kwa njia ya Johan Kjeldahl wa Denmark ya mwaka 1883, ambayo kwa kweli hupima nitrojeni, kisha huzidisha kwa 6.25. Kwa chakula halisi hesabu hiyo hutosha. Kwa chakula kilichochakachuliwa haitoshi: mwaka 2008 nchini China maziwa yaliyotiwa maji yaliongezewa melamini, kemikali yenye nitrojeni nyingi, yakafaulu kipimo cha protini, na watoto wachanga takriban 300,000 wakaugua.

Usipa wa Lyulilo unafaa kuwa somo la maabara kwa sababu ya maji yake. Tuseme samaki mbichi ana maji asilimia 75. Gramu 100 zake zina gramu 25 tu za vitu vikavu. Akikaushwa mpaka maji yabaki asilimia 10, gramu zile 100 zinakuwa karibu 28. Kwa hiyo gramu 100 za usipa mkavu zina virutubishi karibu mara tatu na nusu ya gramu 100 za usipa mbichi, na hojaji isiyotofautisha mbichi na mkavu hukosea kwa kiwango hichohicho.

Swali jingine ni jinsi wanavyokaushwa. Samaki waliotandazwa mchangani hukauka polepole upande wa chini, huokota mchanga na vijidudu, na mvua ikinyesha huoza. Wanaotandazwa kwenye vichanja hupitiwa na hewa pande zote. Mchanga unaonekana hata katika takwimu: majivu ya sampuli hupanda, na mwanafunzi asiye mwangalifu huandika kwamba usipa huyo ana madini mengi. Akiyeyusha majivu hayo kwa asidi, mchanga hubaki chini. Mafuta ya samaki nayo huchacha kwa joto na mwanga, hivyo sampuli husafirishwa katika barafu na giza, jambo lisilo dogo kutoka Kyela hadi Morogoro. Utafiti huo hukamilika kwa jopo la waonjaji, ambao huonja bila kujua samaki yupi alikaushwa wapi na kutoa alama kutoka 1 hadi 9.

Aina za utafiti

Utafiti wa mara moja huonyesha hali ilivyo siku hiyo. Unaweza kusema watoto wa nyumba zinazokula samaki ni warefu zaidi, lakini hauwezi kusema samaki ndio waliowarefusha, maana huenda nyumba hizo zina mapato makubwa au maji safi. Tasnifu nyingi za uzamili ni za aina hii kwa sababu ya muda na gharama, na kosa lake la kawaida ni hitimisho linalodai zaidi ya takwimu.

Utafiti wa wagonjwa na wenzao wazima huenda kinyumenyume kutoka kwenye ugonjwa. Mwaka 2016 watu 68 waliugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 wakafariki. Watafiti walilinganisha nyumba za wagonjwa na nyumba za jirani zisizo na mgonjwa, wakapima mahindi ya pande zote mbili, na kuthibitisha sumukuvu. Kwa njia inayokaribiana na hiyo, TFNC na wenzake walichunguza ugonjwa wa konzo uliopoozesha miguu ya watu wilayani Tarime wakati wa ukame wa mwaka 1985, wakauhusisha na mihogo michungu iliyoliwa kabla ya kuondolewa sumu vya kutosha. Njaa ilikuwa imefupisha siku za kuiandaa.

Jaribio la kugawa kwa bahati nasibu ndilo lenye uzito mkubwa kuliko yote katika kuthibitisha sababu. Mfano ulio karibu ni wa kisiwa cha Pemba, ambako watoto wadogo walipewa madini ya chuma na asidi ya foliki, na wenzao dawa isiyo na kitu. Chuma hutibu upungufu wa damu, na karibu kila mtu alitarajia faida. Mwaka 2003 kamati huru iliyokagua takwimu ilisimamisha vikundi vilivyopewa chuma, kwa sababu watoto hao walikuwa wakilazwa hospitali na kufa zaidi kuliko wenzao. Matokeo, yaliyohusu watoto zaidi ya 24,000, yalichapishwa mwaka 2006, na WHO ilibadili ushauri wake kuhusu kuwapa chuma watoto wote bila kuwapima katika maeneo yenye malaria nyingi. Bila kikundi linganishi, vifo vile vingehesabiwa kuwa ni malaria ya kawaida.

Sampuli na hesabu

Ukubwa wa sampuli hukokotolewa kabla ya kwenda uwandani. Ikiwa udumavu unakadiriwa kuwa asilimia 30, na mtafiti anataka jibu lisipishane na ukweli kwa zaidi ya asilimia 5 kwa uhakika wa asilimia 95, huzidisha 1.96 kwa 1.96 kwa 0.30 kwa 0.70, kisha hugawa kwa 0.05 kipeo cha pili, na kupata watoto 323. Akichagua kwanza vitongoji na baadaye nyumba ndani yake, idadi huongezwa, mara nyingi kwa mara moja na nusu au mbili, kwa kuwa majirani hufanana. Hesabu nyingine hufanywa kwa programu za kompyuta. Kujifunza kubonyeza programu hizo huchukua wiki chache, na kujua ni swali gani la kuziuliza huchukua muda mrefu zaidi.

Ruhusa na maadili

Utafiti unaogusa miili ya watu huhitaji kibali cha maadili kutoka kamati ya chuo au kamati ya kitaifa iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Watafiti kutoka nje ya nchi huhitaji pia kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Barua huteremka kutoka mkoa hadi wilaya, kata, mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji. Idhini ya mwenyekiti haichukui nafasi ya idhini ya mama. Fomu husomwa kwa lugha anayoielewa, ambayo kwa Lyulilo inaweza kuwa Kiswahili, Kinyakyusa au Kikisi, na maswali yaliyotafsiriwa hurudishwa katika lugha ya kwanza na mtu mwingine ili kuona kama maana imebaki.

Mtoto ambaye utepe unaonyesha mkono wake una chini ya milimita 115 ana utapiamlo mkali, na mtafiti hawezi kuandika namba hiyo na kuendelea na nyumba inayofuata. Mpango wa utafiti lazima utaje mapema atapelekwa wapi (kwa Lyulilo hospitali ya karibu ni ile ya Matema), nani atamsindikiza na nauli itatoka wapi. Kamati za maadili huuliza hilo, na andiko la utafiti lisilo na jibu hurudishwa.

Tasnifu huandikwa kwa Kiingereza na kuhifadhiwa maktaba ya chuo. Baadhi ya wasimamizi humtaka mwanafunzi aandike pia muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili na kuusoma katika mkutano wa kijiji kilichompokea. Istilahi kama udumavu, ukondefu na sumukuvu zimekwisha kuzoeleka kupitia kliniki na redio. Nyingine, kama zile za takwimu, bado huelezwa kwa sentensi nzima, na wanakijiji huuliza maswali ambayo jopo la watahini halikuuliza: kwa nini nyumba fulani ilipimwa na ya jirani ikaachwa, na kwa nini mhojaji hakuja wakati wa mafuriko.